Mwanafunzi wa Kumi

Usimwone mtu ana funguo arobaini na moja kiunoni ukadhani ana majumba. Baba Funguo alikuwa na vyumba viwili vya kupanga, na mzigo wote ule ulikuwa wa Idara ya Kompyuta ya chuo kikuu, alikofungua na kufunga milango kwa miaka ishirini na miwili. Kila mlango aliujua tabia zake: wa maabara ya pili sharti uuvute kwanza ndipo ukubali, wa choo cha wahadhiri unataka goti. Kompyuta zenyewe alizigusa kwa kitambaa cha vumbi tu.

Balaa lilianza wiki ya kuchagua kozi za hiari. Kanuni ilisema kozi ya hiari isiyofikisha wanafunzi kumi inafutwa. Mwaka wa mwisho karibu wote walikimbilia kozi ya kutengeneza michezo ya simu, maana ilivumishwa kwamba mtihani wake ni kucheza. Usalama wa Mifumo ikaambulia tisa. Na hao tisa msidhani waliipenda! Walichelewa kujiandikisha, kwingine kukawa kumejaa, na bila kozi moja ya hiari hakuna kuhitimu.

Mwalimu wa kozi hiyo, mama mfupi aliyeitwa Daktari na kila mtu, hata na mumewe, alisimama maabara kashika tama. Akamtazama Baba Funguo akifuta meza. Akamtazama tena.

"Baba, una cheti cha sekondari?"

"Ninacho, Daktari. Kimo sandukuni."

"Kesho njoo nacho."

Akaandikishwa mwanafunzi wa kumi. Maskini, alidhani anaazimwa jina tu. Wapi! Wote kumi walitakiwa kuhudhuria na kufanya mtihani. Akipungua mmoja, kozi nzima inafutwa pamoja na alama zake. Basi kila Jumanne saa tatu Baba Funguo alifungua darasa kama mfanyakazi, akatoka nje, akabisha hodi, akaingia kama mwanafunzi. Daktari ndiye aliyetaka hivyo, eti wasichanganye mambo. Kwenye daftari la kazi alijiandika hayupo, kwenye la darasa yupo.

Wale tisa walimlea kama yai. Akikohoa, huyu analeta maji, yule analeta dawa.

"Baba, tafadhali usiugue," binti mmoja alimsihi. "Ugua baada ya mtihani, tutakuja kukuona wote."

Mwenyewe naye, nisimfiche, alinogewa. Jioni alimsomea mama watoto, fundi cherehani, habari za wezi wa mitandaoni, mpaka mama akauliza kama wezi wa kawaida wamekwisha.

Mtihani ukafika. Swali kubwa lilikuwa: eleza mtu asiye na ruhusa anavyoweza kuingia kwenye mfumo wa alama wa idara, na namna ya kumzuia. Wale tisa walijaza kurasa nane nane, na michoro juu. Baba Funguo aliandika hivi:

"Saa nne Mkuu wa Idara huenda kunywa chai. Mlango haufungi. Inua kibodi. Neno la siri lipo kwenye karatasi ya njano, ni jina la mbwa wake na mwaka aliozaliwa mbwa. Namna ya kuzuia: akariri neno hilo."

Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kisha akampa A, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi kuliko yote tisa.

Lakini alama zote hutiwa sahihi na nani? Na Mkuu wa Idara huyohuyo! Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwoga wa aibu. Alipofika kwenye jina la mbwa, uso ulimshuka. Akaita kikao, Daktari naye akiwemo.

"Kama mwanafunzi," alimwambia Baba Funguo, "umejibu vizuri sana. Hongera. Kama mfanyakazi, umetoa siri ya ofisi, na adhabu yake ni kufukuzwa kazi."

"Basi mnanipongeza au mnanifukuza?"

"Vyote. Ila tia sahihi hapa kwamba unauondoa mtihani wako, nasi tutasahau. Kesho utaendelea na kazi kama kawaida."

"Na wale watoto tisa?"

Mkuu akamsogezea kalamu.

Baba Funguo aliogopa. Aliogopa sana, maana kazi nyingine hakuijua. Papo hapo hasira zikampanda. Miaka yote ile aliwafungulia milango, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza anaonaje. Walimuuliza mara moja tu, kwenye karatasi ya mtihani, akasema kweli.

"Jibu langu ni sahihi?" akauliza.

"Ni sahihi," alisema Daktari kwa sauti, kabla mkubwa wake hajafungua mdomo.

"Basi liacheni."

Akazifungua funguo kiunoni akaziweka mezani. Suruali ikataka kumvuka, akaishika kwa mkono mmoja. Mkuu akafafanua, kwa huzuni ya kweli, kwamba kazi hana tena, lakini uanafunzi wake hauguswi, kwani kanuni ya wanafunzi hajavunja hata moja.

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani. Akakaa kwenye kigoda.

"Nimefukuzwa kazi," alisema. "Na nimepata A."

Cherehani ikanyamaza. Mama watoto akaipokea karatasi ya matokeo, akaisogeza dirishani. Masomo aliyofaulu: moja. Yaliyobaki ili kuhitimu: thelathini na tisa. Akaisoma mara mbili, midomo ikimcheza.

"A ya kweli? Si ya kuonewa huruma?"

"Ya kweli, mama. Wameshindwa kuifuta."

Akaikunja karatasi vizuri, akaitia kifuani, akageukia kitambaa chake.

"Cherehani hii haijafukuzwa na mtu," alisema. "Muhula unafunguliwa lini?"