Mwito wa Pili

Mdogo wangu alikuwa na mtihani wa mdomo wa Kihispania siku ya Jumatatu, wa kutaja vitenzi na herufi zake. Chuoni kwake walisema wazi: atakayefaulu atapelekwa kujifunza kazi kwenye kambi ya watalii kule Mara. Atakayeanguka atarudi nyumbani kuchuma majani chai kama mimi. Niliacha shule darasa la saba, mwaka tuliozika wazazi, tukabaki wawili.

Kitenzi kilichomsumbua kilikuwa cha kutafuta. "Nilitafuta" ni busqué, kwa q na u. "Ulitafuta" ni buscaste, inarudi kwa c. Hapo alikosea kila mara. Basi Jumamosi, tukichuma, nilifunga daftari lake kwenye leso kiunoni nikawa ninamuuliza kutoka mstari wangu.

Ukungu ulishuka, ule wa huku kwetu Merigi unaoficha hata kikapu mgongoni. Mama alitufundisha: ukiitwa ndani ya ukungu, usiitikie mara ya kwanza. Walio hai huita tena. Hatukuwahi kuivunja sheria hiyo, hata kwa mzaha.

"Nilitafuta!" niliita.

"Busqué," sauti ikajibu papo hapo, upande wa kushoto. "Kwa q na u."

"Leo umeshika! Ulitafuta?"

"Buscaste. Kwa c."

Nilicheka. Halafu nikaacha kuchuma. Nilikuwa nimeita mara moja tu, na mdogo wangu asingeitikia kabla ya mara ya pili.

"Dada!" Nikanyamaza. "Dada!" Huyo ndiye mdogo wangu, nyuma yangu, kutoka njia ya kituo cha kupimia majani. "Nilienda kupeleka kikapu. Unacheka na nani?"

"Na chai. Njoo hapa karibu."

Sikumwambia. Nilimuuliza kitenzi upya, kila neno mara mbili, hadi ukungu ulipoondoka. Kushoto hapakuwa na mtu, lakini mstari mzima, ambao hatukuwa tumeugusa, ulikuwa umechumwa, majani mawili na chipukizi, safi.

Jumatatu jioni alirudi amefaulu, uso umemshuka.

"Dada, mwalimu aliuliza 'nilitafuta' mara moja. Nikangoja aulize tena."

"Wewe nawe! Darasani kuna ukungu?"

"Akaandika alama, akasema nimejibu vizuri sana. Na sikufungua mdomo."

Nilimmiminia chai, nikamwambia apange nguo zake.

Asubuhi aliyoondoka kwenda Mara, barabara haikuonekana kwa ukungu. Nilimwita kutoka langoni. Nikasikia viatu vyake vikiendelea kwenda. Nikamwita tena, na akageuka, akaitikia.