Sifuri ya Sebuleni

Kipimo cha gesi nilikiwekea sifuri sebuleni, mlango umefungwa, maharage yanatokota kwenye jiko la mkaa pembeni yangu. Kama unaijua kazi hii, umeshashika kichwa. Kama huijui usijali, mimi mwenyewe niliielewa nimeshachelewa.

Kipimo chenyewe ni cha jirani yangu mchimba visima. Kabla mtu hajashuka, hukiteremsha kisimani kwa kamba. Kikilia, hakuna kushuka. Anachokiogopa zaidi ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayotoka kwenye pampu ya petroli wanayoishusha kunyonya maji. Kwenye mkaa nako inatoka. Kihisi kinachoinusa kilikuwa kimechoka, akaniletea kipya nimfungie, kwa kuwa zamani nilitunza stoo ya vifaa kiwandani hapa Kibaha. Tangu kiwanda kifungwe, watu hunijia na vitu vilivyoharibika. Vizima hawavileti.

Kukifunga nilikifunga vizuri, hilo sijinyimi. Nilizima mashine, nikatoa betri, nikanawa mikono ili mafuta yasiguse ile ngozi nyeupe juu ya kihisi. Nikalinganisha pini na matundu yake, nikabonyeza bila kulazimisha, nikarudisha mpira na skrubu. Nikakiacha kitulie kama maelekezo yanavyotaka. Kilichobaki ni kukitoa nje kwenye hewa safi, ndipo uiambie mashine: hii ndiyo sifuri.

Lakini nje kulikuwa na watu. Wangeniuliza habari, nami ningetakiwa kuwa nazo. Nikabonyeza palepale kwenye kochi.

Jirani alikuja kukichukua jioni. "Kesho tuna kisima Msimbu," alisema. Nikamwambia akijaribu kwa kile kimtungi chake cha gesi ya majaribio. Akasema atakijaribu hukohuko. Nikamkaribisha chai. Ana haraka. Nyumba yangu ina vikombe sita na mnywaji mmoja.

Asubuhi, maharage yakiwa yamerudi kupashwa kwenye jiko lilelile la sebuleni, niliwasha kipimo chake kingine, cha zamani, alichowahi kukisahau kwangu. Sikuwa na sababu ya maana. Nilitaka tu kitu kingine kitoe sauti humu ndani. Kikatoa. Nikakipeleka mlangoni, kikanyamaza. Nikakirudisha karibu na jiko, kikapiga kelele tena.

Nilikaa chini. Yaani nilikuwa nimekiambia kile alichokichukua jirani kwamba moshi wangu wa mkaa ndio hewa safi. Huko kisimani kingeisoma sumu pungufu, na jirani angeshuka akiamini.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani, nikatoka na kandambili kutafuta bodaboda. Dereva alinikagua. "Wewe si yule wa dirishani, asiyetoka?" Nikamwambia ndiyo, twende Msimbu, kule Kisarawe. Njia nzima nilikuwa nasema "ongeza mwendo" mgongoni kwa mtu nisiyemjua, na nakiri hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kwa wiki ile.

Tulimkuta jirani amekaa ukingoni, kamba kiunoni, miguu tayari imo shimoni. Pampu ilikuwa imezimwa muda si mrefu.

"Usishuke!"

"Hee! Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Usishuke."

"Marahaba. Kwani kuna nini? Kipimo chako kimenyamaza, kimesema sawa."

"Kipimo changu kinadanganya. Umekijaribu kwa gesi?"

Akatazama begi lake lililofungwa, kimtungi bado kimo ndani. Nikamweleza habari ya sebule, jiko na maharage. Wenzake wawili waliokuwa wameshika kamba wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Akaitoa miguu shimoni, mmoja mmoja.

Nikakipeleka kipimo mbali, katikati ya shamba la mihogo, upepo unakotokea. Nikasubiri, nikakiwekea sifuri upya. Kisha tukakipulizia gesi ya mtungini, kikasoma inavyotakiwa. Jirani akakifunga kamba, akasema bismillahi, akakiteremsha taratibu.

Hakikufika hata katikati. Kililia, na kisima kikaizidisha sauti ile mpaka wenzake wakaacha kucheka.

Jirani akafungua kamba kiunoni. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka utosini.

"Kumbe wewe kukutoa ndani mpaka mtu akaribie kufa!"