Zawadi ya Atakayeangushwa

Mama yangu, Mirto, alikuwa mfumaji katika nyumba ya Bwana Aktori, karibu na mto Alfeo. Alitekwa akiwa mdogo, mimi nikazaliwa humo humo, kwa hiyo sote wawili tulikuwa mali ya nyumba.

Aktori alipokufa, mwanawe akaitisha mashindano kaburini, kama ilivyo desturi, ili marehemu aheshimiwe. Zawadi zilitoka katika vitu vya nyumba. Za mieleka zilikuwa mbili: mshindi apewe sufuria ya shaba ya miguu mitatu, atakayeangushwa apewe mama.

Waliojitokeza ni Teleso, mchunga ng'ombe wa pale pale kwetu, na Orsilo, mgeni kutoka ng'ambo ya milima. Mama akamfuata Teleso alipokuwa anajipaka mafuta.

"Kaka Teleso, anguka."

"Nianguke? Mbele ya umati huu?"

"Ukianguka unanipata mimi. Kwako ni hapo nyuma ya zizi tu, mwanangu nitamwona kila siku."

Teleso akanitazama, akakuna kichwa. "Haya, dada. Nitaanguka."

Wakamsimamisha mama kando ya sufuria. Wanaume wakashikana. Teleso akalegeza magoti, lakini Orsilo hakusukuma. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwona mgeni huyo: sufuria hakuijali, alikuwa anatazama vidole vya mama. Basi wakabaki wamekumbatiana kama walevi, kila mmoja anamngoja mwenzake amwangushe.

"Oaneni basi, sisi tukale!" mtu akapiga kelele.

"Teleso kazoea kukumbatia ndama!"

Teleso akavumilia. Ndipo Orsilo akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Hivi wewe ni mwanamume, au na wewe umewekwa zawadi?"

Uso wa Teleso ukabadilika. Akamnyanyua mgeni, akambwaga chini mpaka vumbi likatufikia. Watu wakashangilia. Akainua mikono juu, anacheka, halafu akamwona mama. Mikono ikashuka polepole.

"Ndugu, chukua sufuria," akamwambia Orsilo. "Tubadilishane."

Orsilo akajipangusa vumbi, wala hakukasirika. "Sufuria haifumi," akasema, akamshika mama kifundo cha mkono.

Mama akapita karibu nami. "Wakikuuliza," akaninong'oneza, "sema hujui kufuma."

Watu walipotawanyika, mwana wa Aktori akaniita.

"Wewe, binti. Unajua kufuma?"

"Sijui, bwana."

"Utajifunza," akasema, akaniashiria niingie ndani.