Banda la Mzee Milimita

Katika miaka arobaini na moja ya useremala, hakuna mlango wa Mzee Milimita uliowahi kurudishwa. Alilisema hilo mwenyewe, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini watu walilisema hata akiwa hayupo, na hapo ndipo utajua lilikuwa kweli. Jina la Milimita alibandikwa na wanafunzi wake wa karakana, waliomwogopa kuliko msumeno wa umeme. Si kwamba alipiga au kutukana. Aliokota tu ubao uliokatwa kombo, akauinua kila mtu auone, akauliza kwa upole: "Nani kakata hii?" Hapo hata yule aliyekata vizuri alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe hakuwa na habari na vitisho hivyo. Yeye alikuwa mpishi wa shule, mwenye mikono minene na maneno yasiyokwisha, na katika miaka yote ya kupikia watoto wa watu, yeye na mumewe waliishi vyumba vya kupanga ambako mwenye nyumba hakuruhusu hata paka. Kila alipopita penye kuku alipunguza mwendo. "Siku nikipata ua wangu," alisema, "nitafuga kuku wanane." Kwa nini wanane, wala yeye hakujua. Basi mwaka walipohamia nyumba yao wenyewe, plasta haijakauka, alimwita mumewe mlango wa nyuma.

"Haya, baba. Ua ndio huo."

Jirani yao alijenga banda lake kwa nusu siku, kwa mabati chakavu na miti. Milimita alitumia wiki tatu. Kila ubao aliupiga randa pande zote mbili, akauchonga ukingo ili uingie ndani ya mwenzake, na kwenye pembe hakutumia hata msumari mmoja. Mlango aliutia bawaba za shaba alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya kabati la mtu mkubwa. Alipomaliza alichukua kipande cha karatasi, akajaribu kukipenyeza kati ya mbao. Hakikupita. Akapaka vanishi.

Mkewe alilizunguka banda mara mbili. "Zuri, tena zuri mno. Sasa kuku watapumulia wapi?"

"Si kuna mlango?"

"Mlango unafungwa jua likizama."

"Mama, kinachoua kuku ni baridi. Kuacha nyufa ni kazi ya mafundi wasiojua kuunganisha mbao."

Kuku wanane wakaletwa, miguu imefungwa kamba. Mkewe, sasa mama mwenye kuku, aliwapa majina kwa tabia na maumbile yao: kulikuwa na Mdokozi, kulikuwa na Soksi mwenye manyoya miguuni, na kulikuwa na Mama Mkwe, aliyekutazama kwa jicho moja kana kwamba bado hajaridhika nawe. Watu wakaja kuona. Waliwatazama kuku kidogo na banda sana, na Milimita akawa kila jioni ana sababu ya kusimama karibu nalo.

Mwezi haujaisha, kuku wakaanza kupiga chafya. Macho yao yakatoka maji. Yai halikuonekana hata moja. Milimita alibadilisha maranda ya sakafuni, akaleta dawa ya mafua, akalaumu chakula, akamlaumu hata muuza chakula. Kila alichoweza kukilaumu alikilaumu, isipokuwa banda. Ndipo Soksi akafa. Mkewe alimzika nyuma ya jiko, akanawa mikono, akaingia ndani bila kusema neno. Mzee alimzoea akiwa na maneno.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mwenye buti za mpira. Alipofika uani alisimama akashangaa. "Mzee, mbona kabati mmeliweka nje?"

"Hilo ni banda," Milimita alisema.

Binti aliinama, akafungua mlango, akaufunga haraka. Akamshika Mama Mkwe, akamsikiliza kifua. "Hawa hawahitaji dawa yangu. Hewa ya kinyesi chao ndiyo inayowaua, haina pa kutokea. Kata madirisha pande mbili, juu karibu na paa, uweke wavu. Tena upesi, mzee. Huyu niliyemshika hana wiki nzima."

"Nitafikiria," alisema Milimita, na sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi iliyofuata mkewe alimwamsha, akampeleka hadi bandani kabla kuku hawajafunguliwa. "Ingiza kichwa," alisema. "Hesabu mpaka ishirini."

Aliingiza. Mkewe akausogeza mlango mpaka ukagusa shingo yake. Alifika tisa, akachomoka akikohoa, machozi yakimtiririka mashavuni.

"Wao hukaa humo mpaka kuche," mkewe alisema, na sauti ikamkatika. "Mimi sikuomba kabati, baba. Niliomba kuku."

Milimita alijifuta macho kwa mkono wa shati. Aliona aibu, aibu ya kweli, ambayo hakuwahi kuionja tangu alipokuwa mwanafunzi. Akaenda kuleta msumeno. Alipima, akachora mstari kwa penseli, akapima tena. Lakini mkono ule haukuwahi kuikata kazi yake yenyewe iliyokwisha kupakwa vanishi. Msumeno ukauacha mstari. Dirisha la kwanza likatoka kombo, upande mmoja umepanda kidole kizima.

Alikigeuzageuza kipande cha ubao mkononi.

"Kosa moja haliachi mke," mkewe alisema nyuma yake, "wala mume. Kata la pili."

Mzee akacheka bila kupenda, akakata la pili, likanyooka. Wakapigilia wavu pamoja. Kwa vipande vile vilivyokatwa akaunda sanduku la kutagia.

Chafya zilikoma kabla ya wiki mbili. Na wa kwanza kutaga alikuwa nani, kama si Mama Mkwe? Alitaga ndani ya lile sanduku, akapiga kelele mtaa mzima ujue. Mama mwenye kuku, aliyekwisha kuvunja maelfu ya mayai kwenye masufuria ya shule, alilivusha lile moja uani kwa mikono miwili, likiwa bado lina joto, na kwa siku tatu hakumruhusu mtu kulikaanga.

Siku moja alikuja mwanafunzi wa zamani wa Milimita, ambaye sasa ndiye mwenye karakana. Alilizunguka banda akipapasa pembe, akitikisa kichwa kwa heshima. Alipofika kwenye dirisha la kombo alisimama, na maneno yakamtoka kabla hajayazuia.

"Nani kakata hii?"

Akajiziba mdomo. Jikoni, mkewe Milimita aliacha kukoroga. Alijua kuwa mbao zilikuwepo stoo, na kwamba kulinyoosha dirisha lile ilikuwa kazi ya saa moja. Alikuwa amemwona mzee asubuhi moja akitoa randa, akilitazama dirisha, akairudisha randa mahali pake.

Mzee alikitoa kifua mbele.

"Mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Sasa inama utazame ndani, uone kuku wa mke wangu walivyo wazima."