Koti la Mama Alilovaa Ishmael

Ndugu yangu Ishmael alininyang'anya kazi yangu siku ya kumzika mama yetu, mbele ya watu wote wa Ikonge.

Kwetu mtu akifa, kabla hajafukiwa, mwanamke mmoja huvaa nguo zake na kumwigiza: alivyotembea, alivyokohoa, alivyogombana na majirani. Watu hucheka huku wakilia. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nikiwa msichana. Shule sikuenda, lakini macho ninayo.

Ishmael nilimfundisha tukichuma majani chai. Namwambia, "Nionyeshe karani akipima chai." Anavimbisha tumbo, anafinya jicho.

"Wacha hiyo! Mtu huanzia miguuni."

Anarudia, nami nacheka mpaka kikapu kinaanguka. Mama anaita kutoka mstari wa juu, "Nyinyi wawili, hiyo chai itajichuma?" Siku hizo zilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Ishmael akaenda sekondari, akaingia michezo ya kuigiza Nairobi, halafu akaitwa Ulaya. Sasa filamu zake zinaonyeshwa hata nchi ambazo siwezi kutaja. Binti yangu Bitutu hunionyesha kwa simu. Alipocheza mlinzi mzee, nilimwona marehemu baba akivuta mguu, vile vile nilivyomwigiza mazishini. Nilifurahi. Nikasema, ameshika.

Mama alipofariki, Ishmael alikuja na watu wa kamera. Nilikuwa ndani nikijifunga kitambaa cha mama kichwani, niliposikia kicheko uani. Kutoka, namkuta Ishmael ndani ya koti la mama, anaburuta ndara, anamkemea kuku. Wanawake wamepagawa: "Uii! Mama huyo amefufuka!"

Jirani yetu Jacinta akanigeukia. "Nyanchama, leo umestaafishwa."

Nikamfuata Ishmael. "Vua. Mama ni wangu kumwigiza."

"Dada, wameshapiga picha. Tukirudia itaharibika."

Wakamfukia mama. Mtu akishafukiwa haigizwi tena.

Juzi Bitutu alinifungulia kwa simu mahojiano ya Ishmael. Mtangazaji anamuuliza, nani alikufundisha? Ishmael akatabasamu. "Hakuna. Nilizaliwa nayo."

Siku ya mama haiwezi kurudishwa, na siidai. Lakini Ishmael ana deni langu. Aje mwenyewe, bila kamera, asimame sokoni Ikonge mbele ya wanawake wale wale waliocheka, Jacinta akiwemo, awaambie kwa mdomo wake: "Ni Nyanchama aliyenifundisha."