Maneno Matatu ya Baba

Vita vya pili vilipokuwa vikielekea kwisha, nilikuwa mwalimu wa majaribio katika skuli moja ya Likoni, nikifundisha Kiingereza. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatano. Akiridhika, ningethibitishwa kazini. Asiporidhika, kazi basi. Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, aliniambia hivyo usoni.

Jumatatu ndipo nilipogundua balaa. Niliandika sentensi ubaoni, nikawauliza wanafunzi neno "quickly" ni la aina gani. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: jina. Na "beautiful" je? Jina. Nilijua jibu lile limetoka wapi. Jioni wote walisoma Kurani chuoni kwa baba yangu, waliyemwita Maalimu, na baba aliwafunza nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, ambamo maneno yote ni ya aina tatu tu: jina, kitendo na herufi, yaani vile vineno vidogo vya kuunganisha. Sifa ya kitu na namna ya kutenda vyote hutiwa kapu moja na majina.

"Hicho ni Kiarabu," nikawaambia. "Kiingereza kina vivumishi vyake na vielezi vyake."

Mmoja wa wale wakubwa akainua mkono. "Lakini Maalimu alitwambia ni lugha zote, bwana. Kwani amekosea?"

Wote wakanikodolea macho. Jibu langu lingefika chuoni jioni ile ile, na baba hakuwa na mali nyingine duniani ila heshima yake. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani zaidi, yeye au mimi.

"Maalimu hakukosea," nikasema. "Fungueni vitabu."

Jumatano mkaguzi, Mzungu mwenye haraka zake, akauliza swali lile lile. Wakamjibu kwa fahari. Akauliza tena, polepole, akidhani hawakumsikia. Wakamjibu kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu mkuu akawa anatazama viatu vyake. Mkaguzi akanigeukia, akataka kujua ni nani aliyewafundisha upuuzi huu. Niliwaona watoto wanafungua midomo wamtaje Maalimu wao.

"Ni mimi, bwana," nikawahi.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa njiani kurudi nyumbani, sina kazi. Baba alikuwa barazani. Nikampa shikamoo, nikambusu mkono. Watoto walikwishampitia na habari.

"Naambiwa wamejibu wote," akasema.

"Wamejibu wote, baba."

"Na huyo Mzungu, kanena nini?"

"Mwisho alinyamaza."

Baba akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu mama afariki. "Alhamdulillahi. Basi usiwe mchoyo, mwanangu. Kesho kawafunze maneno hayo matatu na wale wa darasa la chini."

"Inshallah, baba," nikasema, nikaingia ndani upesi asije akaniona machozi.