Siku Ndege ya Bi Zena Ilipogonga Mlima

Enzi zetu pale Majengo, Pumwani, kila ndege iliyopita angani ilikuwa mali ya watoto. Ikinguruma juu ya mabati, tuliacha michezo yetu ya bano na kati, na hata aliyejificha kwenye brikicho alitoka mbio kuja kuipungia mkono. Watoto wa siku hizi ndege wanaitazama kwenye simu, shingo zimeinama kama kuku wanaotafuta punje.

Tuliishi vyumba vilivyotazamana, ua mmoja, bomba moja. Sisi tulikuwa Wakristo kutoka magharibi mwa nchi. Mlango wa pili alikaa Bi Zena, mumewe Mzee Salimu fundi cherehani, na binti yao Mwanaidi, rafiki yangu wa kufa kuzikana. Bi Zena aliuza mahamri na viazi karai barazani, na harufu ya iliki ndiyo iliyotuamsha kwenda shule. Alikuwa na mdomo, lakini! Ukilamba vidole mbele yake, utasikia: "Nekesa, hivyo vidole ukivimaliza, kesho utaandika na nini?"

Dada yake aliyeolewa nchi jirani alipojifungua, shemeji alimtumia Bi Zena tikiti ya ndege. Kwenda, alikwenda salama. Siku ya kurudi, Mwanaidi alivaa gauni la Idi tangu asubuhi, akaketi kizingitini kumngoja mamake. Ndipo redio ikasema kwamba ndege ya abiria iliyokuwa ikija Nairobi imegonga mlima kwenye ukungu, na haijulikani kama kuna aliyenusurika.

Nakumbuka cherehani ya Mzee Salimu ilivyonyamaza.

Kesho yake ua ulijaa watu. Kaka yake Mzee Salimu alikuja na mikeka, akitaka matanga yaanze.

"Salimu, kubali. Tumsomee mwenzetu."

"Dua nitaomba, kaka. Lakini khitima ya mtu ambaye sijaambiwa amekufa, siisomi. Kunja mikeka."

Watu waliguna. Wengine walinong'ona kwamba uchungu umempanda kichwani. Mama yangu hakuingia katika mabishano yale. Alichukua karai la Bi Zena, akachemsha mafuta, akaanza kukaanga mahamri. Yalitoka magumu kama kokoto za reli. "Nunueni," aliwaambia watu. "Mwenyewe akirudi akute wateja wake hawajahama." Basi mtaa mzima ukatafuna kokoto zile bila kulalamika.

Mwanaidi alilala kwetu, tukagawana blanketi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nekesa, mlimani kuna baridi?" Nikamwambia hakuna. Mlima wenyewe sikuwa nimewahi kuuona.

Tulikuwa tumeshaanza kuzoea kunong'ona, ndipo mtu wa shirika la ndege akaingia uani, viatu vimejaa vumbi, akiulizia kwa Salimu fundi. Bi Zena alikuwa hai. Alikuwa hospitalini, mguu umevunjika. Mzee Salimu aliketi chini pale pale, suruali ya mteja mkononi, na ndipo akalia.

Bi Zena alirudi na plasta mpaka pajani. Tulimtandikia godoro uani, akatusimulia.

"Nilijikuta nje, bado nimefungwa kitini. Nikasikia watu wanalia huko kwenye miti. Nikaita, 'Wewe hapo, unaitwa nani?' Kila aliyejibu nikalishika jina lake, nikawa nawaita mmoja mmoja ili wasisinzie kwenye baridi ile. Wengine waliacha kuitika." Alifuta macho kwa leso. "Kulipokucha, wenyeji wakapanda na mapanga na mablanketi. Walinibeba kwa machela ya miti, na wala hawanijui."

Mama akamletea chai na hamri. Bi Zena aliling'ata, akalitazama, akaling'ata tena.

"Mama Nekesa, Mungu akulipe. Lakini mlima umeshindwa kuniua, haya mahamri yako ndiyo yataniua."

Kicheko kilichopasuka uani siku ile bado nakisikia.

Aliapa hapandi ndege tena, na kwa miaka mingi alipokwenda Mombasa alipanda treni. Mwaka huu Mwanaidi na wanawe walimlipia Hija. Bi Zena aliwazungusha siku nyingi, kisha akasema, "Nitakwenda. Mola aniite, nimwambie nangoja treni?"

Mjukuu wake akamtuliza: "Nyanya, usijali, ndege za siku hizi ni poa. Tutakutrack kwa simu."

"Mnitrack mimi ni mzigo?"

Siku aliyosafiri nilitoka kwangu mtaa wa Pipeline, ghorofani, ambako jirani yangu namjua kwa kikohozi chake tu, nikaenda kukaa na Mwanaidi. Vijana walitandaza simu mezani, tukaifuata ndege ikitambaa kwenye ramani. Zamani tulikuwa na redio moja na ua mzima wa kungoja nao. Leo habari zinafika upesi, ila mara nyingi zinakukuta peke yako. Ule ua nautamani bado. Hata hivyo, nikiwatazama vijana wale wamekusanyana, hakuna anayethubutu kwenda kulala kabla ya nyanya kufika, niliona kwamba kungoja pamoja bado wanakujua.

Kisha simu ya Mwanaidi ikalia. Ilikuwa sauti ya Bi Zena kutoka Jidda, akipaza kana kwamba anataka tumsikie bila simu:

"Nimefika! Nilikaa dirishani. Milima nimeiona, Mwanaidi. Mara hii yote ilikuwa chini yangu."